Nani Ashike Rimoti? Mjadala wa Baridi ya Ifakara

Novemba, kabla mvua hazijashika, Ifakara huwa na joto la kumchosha hata aliyezaliwa hapo. Mji umekaa bondeni, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, maji kila mahali na unyevu unaolizuia jasho lisikauke. Nyumba nyingi ni tofali za kuchoma na bati, bila dari. Anayesema kiyoyozi mahali kama hapa ni anasa tupu hajalala Ifakara mwezi wa kumi na moja.

Ingia sasa kwenye ukumbi wa semina, saa nane mchana. Rimoti inasoma 18, pengine 16. Akina mama wamejifunika mitandio na khanga walizokuja nazo kwa kazi hiyo, na mtoa mada amevaa koti zito. Nje watu wanatafuta kivuli cha mwembe. Ndani ni kipupwe cha Makambako. Je, baridi hiyo imezidi, na kama imezidi, nani apunguziwe?

Nimewaketisha pamoja watu saba. Nimewatunga mwenyewe, usiwatafute mjini. Lakini hoja zao ndizo zinazozungumzwa vijiweni na maofisini.

MENEJA WA GESTI: Naona mshtakiwa ni mimi, basi nianze. Mgeni akifika mapokezi swali la kwanza ni "kuna AC?" Bei inafuata baadaye. Nina vyumba vya feni na vyumba vya AC, na vya AC ndivyo vinavyojaa kwanza. Mtu ametoka Dar es Salaam, amepita Mikumi, ameshuka Kidatu, anaikamata rimoti anaiweka 16 kabla hajavua viatu. Nimkataze? Amelipa. Halafu tusijifanye joto ni utamaduni wetu. Lee Kuan Yew aliyeijenga Singapore alisema wazi kwamba bila kiyoyozi nchi za joto zisingeendelea. Alipoingia uwaziri mkuu, moja ya mambo ya mwanzo aliyofanya ni kufunga viyoyozi kwenye ofisi za watumishi wa serikali ili kazi ifanyike. Leo tunaiona Singapore ilipo. Sisi tunaambiwa tukae na feni.

KARANI: Kaka yangu, hakuna aliyekuambia ukae na feni. Mimi nakaa ofisini saa nane kila siku, na bosi wetu anapenda 18. Anakuja na gari lenye AC, anaingia ofisini kwenye AC, suti haijawahi kumtoa jasho. Mimi nimekuja na bodaboda, nimeloa. Nikikaa nusu saa jasho linageuka barafu mgongoni. Vidole vinakufa ganzi, nachapa makosa. Saa tano natoka nje kuota jua. Ifakara! Naota jua Ifakara!

MENEJA: Si uzoee?

KARANI: Nizoee lipi? Nyumbani kwangu usiku ni nyuzi thelathini, ofisini kumi na nane.

MTAFITI WA MBU: Dada ana hoja yenye historia nyuma yake. Vipimo vya starehe ya joto ndani ya majengo vilivyoenea duniani vilitokana na kazi ya Mdenmaki mmoja, Ole Fanger, miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba hesabu ya joto linalotengenezwa na mwili ndani ya vipimo hivyo ilichukua mfano wa mwanamume wa umri wa miaka kama arobaini, kilo sabini. Mwili wa mwanamke aliyekaa mezani hutengeneza joto pungufu. Kwa hiyo ofisi ikipangwa kwa hesabu hiyo, mwanamke ataganda. Na huyo mwanamume wa vipimo hakuzaliwa Kilombero.

Naongeza jingine ambalo hunichekesha. Mbu wa kufugwa maabara, wale wa utafiti wa malaria, tunawawekea nyuzi kama 27 na unyevu wa asilimia 70 hadi 80, kwa sababu hapo ndipo wanapostawi. Chumba cha mbu kina kipimajoto na mtu wa kukiangalia. Ukitoka hapo ukaingia chumba cha mikutano, unakuta binadamu wamewekwa 18 na hakuna anayejua nani aliamua.

Hapa mwandishi anaomba kupenyeza neno. Ifakara si mji wa kawaida katika jambo hili. Miaka ya 1950 Waswisi chini ya Rudolf Geigy walianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, iliyokuja kukua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana dunia nzima kwa kazi ya malaria. Taasisi za namna hiyo haziendi bila baridi: vitendanishi, sampuli za damu, majokofu ya kugandisha, kompyuta. Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa duniani chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu. Mwaka 1902, Willis Carrier alikibuni kwa kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu ulikuwa unaivuta na kuirudisha karatasi na rangi hazikai sawasawa. Kilichokuja kwa ajili ya karatasi kikaishia kwa karani. Turudi kwenye kikao, maana naona fundi ananyoosha mkono.

FUNDI WA VIYOYOZI: Mimi nawafungia, nawasafishia, najaza gesi, kwa hiyo sina sababu ya kuvisema vibaya. Lakini watu hawavijui. Meneja, yule mgeni wako anaweka 16 akidhani chumba kitapoa haraka. Mashine ya kawaida, isiyo ya inveta, haina mbio za ziada. Ukiweka 16 au 24 inapuliza baridi ileile. Namba inaiambia kompresa lini ipumzike, basi. Chumba chenye bati la moto na hakina dari hakitafika 16 hata kesho. Kompresa haitapumzika. Unajaza maji kwenye pakacha.

MENEJA: Na bili yangu ndiyo inayovuja.

FUNDI: Inavuja kweli. Mashine ya BTU 12,000, ile mnayoiita ndogo, inakula kilowati moja na kidogo. Ikifanya kazi saa nane bila kupumzika ni kama uniti nane. Uniti moja, kwa bei ya kundi la kawaida pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 356. Hiyo ni karibu 2,900 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi, zaidi ya 60,000. Mashine moja tu. Sasa chukua mtu wa nyumbani aliye kwenye umeme wa matumizi madogo, ule wa shilingi 122. Huo una mwisho wake, uniti 75 kwa mwezi. Akifunga AC chumbani na kuilaza usiku mzima, siku ya kumi ameshavuka. Anahamishiwa kundi la juu, na hapo hata taa na friji vinalipiwa bei mpya. Nimeshafungua mashine tatu majumbani kwa watu waliokuja kuniambia, fundi, njoo uichukue uiuze.

MENEJA: Umeme lakini sasa upo. Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115. Zama za mgawo zimepita, na maji yenyewe ni yetu.

Ni yao kweli. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kidatu, megawati 204, ipo tangu 1975 na iko wilaya hiihii. Kihansi, megawati 180, ilianza kuzalisha mwaka 2000 kwenye miteremko ya Udzungwa. Kihansi ina simulizi ambayo watu wa bondeni wangepaswa kuidai. Mwaka 1996 wataalamu waliokuwa wakichunguza eneo la bwawa walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyeishi popote duniani ila kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakapungua. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye vyumba vya kunyunyiziwa maji, na mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Uzao wao ulianza kurudishwa nchini 2010. Simlaumu aliyejenga Kihansi; nchi ilikuwa gizani. Ila umeme uliopatikana kwa gharama ile, kuutumia kumgandisha karani mpaka atoke kuota jua, ni jambo la aibu.

MZEE MKULIMA: Nisemeje wanangu.

KARANI: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba. Mimi ni mtu wa mpunga. Msimu ukifika tunahamia shambani, ng'ambo ya mto, na huko tunalala kwenye dungu. Nguzo nne, sakafu juu ya maji, nyasi kichwani, ukuta hakuna au ni matete. Upepo unapita chini, unapita kati. Baridi yake ni ya usiku mzima na haina bili.

MTAFITI: Na mbu, mzee?

MZEE: Mbu wapo, sikatai. Ngoja nimalize, kijana, maana najua mnapenda kutuweka wazee upande wa zamani. Nyumba ya nyasi ilikuwa na ubaridi wake, na ilikuwa na moto wake, na nyoka wake, na kila baada ya misimu michache unaezeka upya. Nilipopata fedha za mavuno mawili mazuri niliweka bati, na sirudi nyuma. Tatizo bati linapika. Saa nne usiku ukuta bado unatoa moto. Kwa hiyo mimi mkinipa hicho kiyoyozi nakipokea. Mbona mnaulizana kama kimezidi? Kwangu hakijafika.

Kimya kidogo kilipita hapo, na ningekuwa mwenyekiti ningekiacha kiendelee. Mjadala mwingi kuhusu baridi ya kupita kiasi huendeshwa na waliokwisha kuipata. Shirika la Kimataifa la Nishati liliandika mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni vinatumia karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa dunia, na kwamba viyoyozi, wakati huo bilioni 1.6, vingeweza kufika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Wengi watakaovinunua ni watu wa nchi za joto wanaoanza kupata fedha. Kumwambia mzee huyu asitamani, eti dunia inachemka, kunahitaji uso mkavu.

MTAFITI: Simwambii asitamani. Namwambia fedha ile aiweke juu ya kichwa chake kwanza. Nieleze kwa upande wa mbu, maana kwenye bonde hili joto na malaria ni kesi moja. Anayeeneza sehemu kubwa ya malaria Kilombero, zaidi ya asilimia 80, ni Anopheles funestus. Huyo anapenda kuuma ndani, usiku wa manane. Anaingia kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa. Ukiuziba mwanya kwa matofali, mbu wanapungua, na nyumba inakuwa tanuri. Familia inakaa nje mpaka saa nne kwa sababu ndani hakukaliki, na nje wako mbu wengine wanaosubiri. Mtu akirudi kulala, chandarua kinazuia upepo, anakitupa pembeni. Sisi tulilijua hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga ulipouza vile vya "Zuia Mbu". Watu walielewa malaria vizuri tu. Usiku wa Novemba uliwashinda.

MENEJA: Basi AC inatibu vyote. Chumba kimefungwa, kina baridi, mbu hapiti. Umenipa hoja yangu.

MTAFITI: Nimekupa, na ni kweli, kwa anayeweza kulipa uniti 240 kwa mwezi. Kwa wengine, weka wavu kwenye ule mwanya badala ya tofali: upepo upite, mbu abaki nje. Au zile tepe za gunia zenye dawa ambazo taasisi ya hapa imezijaribu, zinazungushwa chini ya paa. Kule Magoda, mkoani Tanga, wasanifu wa Denmark walijenga nyumba za mfano zenye kuta za kupitisha hewa, nyingine za ghorofa, vyumba vya kulala juu. Zilikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu wachache. Mzee, hilo ni dungu lako. Limewekewa wavu.

MZEE: Sasa hilo nalielewa.

FUNDI: Mniruhusu niseme na ya madirisha. Siku hizi kila mwenye nyumba mpya anataka alumini ya kuteleza. Inapendeza. Lakini inafunguka nusu tu. Nusu ya dirisha ulilolipia ni kioo kilichofungwa daima. Ukiongeza pazia zito na wavu uliojaa vumbi, upepo unaopita ni wa kunong'ona. Halafu ananiita nifunge AC. Mimi nakula, sawa. Ila angeniita kabla hajajenga ningempa ushauri bure: dari, bati la rangi nyeupe, dirisha la kufunguka lote, na upenu mrefu unaofunika ukuta wa magharibi.

MAMA LISHE: Nyie mnazungumzia ndani. Nje je? Mimi jiko langu liko uchochoroni nyuma ya ofisi. Juu ya kichwa changu kuna maboksi manne yanatupa moto. Nina mkaa mbele, nina maboksi juu. Maji yanadondoka kwenye sinia la vitumbua. Nilipolalamika nikaambiwa nihame.

FUNDI: Anasema kweli mama. Kiyoyozi hakiui joto, kinalihamisha. Linalotolewa ndani linatupwa nje, pamoja na la umeme wenyewe. BTU 12,000 ndani inakuwa zaidi ya hapo kwa mama huyu.

Zaidi ya joto kuna gesi. Gesi zilizo kwenye mashine nyingi mjini, R-22 ya zamani na R-410A iliyofuata, zikivuja angani kila kilo moja hushika joto kama kilo elfu moja mia nane hadi elfu mbili za hewa ukaa. Oktoba 2016 mataifa yalikutana jirani zetu Kigali wakakubaliana kuzipunguza gesi za kundi la R-410A hatua kwa hatua. Makubaliano yanaitwa kwa jina la mji huo. Fundi anayeiachia gesi ya zamani hewani kabla ya kujaza mpya hajawahi kuyasikia, na ningetamani fundi wetu huyu athibitishe kwamba yeye si mmoja wao. Ameinamia simu yake.

Muuguzi wa wodi ya wazazi hajasema bado. Ametoka zamu ya usiku.

MUUGUZI: Nawasikiliza nikishangaa. Mnajadili ukumbi. Mimi natoka kwenye wodi ambayo feni mbili kati ya nne hazizunguki. Mama yuko kwenye uchungu saa kumi na mbili, jasho linamtoka, ndugu yake anampepea kwa kipande cha boksi. Joto kali kwa mjamzito si usumbufu tu. Linahusishwa na kuzaa kabla ya wakati, na kuzaa mtoto mfu. Oksitosini, sindano inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inapoteza nguvu, na ukiichoma hujui unachoma nini. Chumba cha upasuaji bila kiyoyozi, daktari anadondosha jasho. Hapo siombi radhi kwa mtu. Wekeni. Lakini juzi nilikwenda semina ya siku mbili kuhusu afya ya mama na mtoto. Ukumbi ulikuwa na mashine sita, zote 17. Tulizungumzia vifo vya uzazi tumejifunika khanga.

MENEJA: Hapo mama umenimaliza.

MUUGUZI: Sikumalizi. Ukumbi ule si wako.

Aliyeandaa semina yuko wapi? Simkuti kwenye kikao, na nadhani ndiye aliyetakiwa kukaa kiti cha mshtakiwa badala ya meneja. Mgeni wa gesti akiweka 16 anajilipia mwenyewe, na akiamka na mafua ni yake. Ofisini na ukumbini anayeshika rimoti halipi bili, hapandi bodaboda, na amevaa koti. Koti ndilo linalopangia chumba nyuzi. Japani waliliona hilo mwaka 2005: waziri wa mazingira Yuriko Koike aliwaambia watumishi wavue tai na makoti wakati wa kiangazi, ofisi ziwekwe nyuzi 28. India, kuanzia 2020, mashine mpya hutakiwa kutoka kiwandani zikiwa zimepangwa 24, na wakala wao wa nishati husema kila nyuzi moja unayopandisha huokoa kama asilimia sita ya umeme. Sisi tulikuwa na mashati ya kitenge na suti za mikono mifupi tangu enzi za Mwalimu. Tukayaweka kabatini tukavaa sufu, kisha tukanunua mashine za kuifanya sufu ivalike.

Hata hivyo, meneja na Lee Kuan Yew wake hawajakosea: kazi ya akili kwenye joto kali ni mateso, na anayetaka karani achape bila makosa ampe ubaridi. Ila nyuzi 26 na pangaboi likizunguka ni ubaridi wa kutosha kwa mtu aliyevaa nguo za Kilombero. Kumi na nane ni cheo.

Madiwani wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara, bajeti ijayo ikija mezani, kataeni kiyoyozi cha ukumbi mpaka kila feni ya wodi ya wazazi izunguke, na friji ya dawa iwe na umeme wa akiba. Kataeni jengo jipya la umma lisilo na dari na upenu. Bei za vitu hivi zinajulikana, na hesabu ya mwisho ni ya fundi: pangaboi moja linakula wati 75 au chini yake, hivyo umeme wa mashine moja ya BTU 12,000 unazungusha mapangaboi kama kumi na tano.